Kiti Chini ya Ufa

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama kwenye mlango wa darasa la mjukuu wangu, mkoba wake begani kwangu, macho yangu yameganda juu ya ubao. Kwa aliyeshika gazeti leo kwa mara ya kwanza nitamrudisha nyuma kidogo tu, maana hata mimi sipendi kupita huko mara mbili.

Binti yangu ni mhandisi wa majengo. Rafiki yake ni mkandarasi, mwanamke mwenzake, na tangu chuoni wanamwita Msumari kwa sababu akishaingia mahali hatoki. Wawili hao ni kama ulimi na mate. Msumari ndiye aliyejenga ghorofa la shule anayosoma mjukuu wangu, na binti yangu ndiye aliyetia saini kwamba zege lake ni imara.

Si imara. Siku ya kumwaga sakafu ya juu, mashine ya kuchanganyia ilikufa katikati ya kazi na mvua ikaanza. Badala ya kusimamisha, Msumari aliwaambia vibarua wachanganye kwa makoleo, chini, kwenye matope, ilimradi kazi iishe.

Sasa kazi hiyo ina desturi yake. Zege linapomwagwa, kiasi kidogo hutiwa kwenye kalibu za chuma, vikatoka vipande vya mraba ukubwa wa mkate. Vinalowekwa siku ishirini na nane, kisha maabara wanavikandamiza mpaka vipasuke. Vikipasuka mapema, sakafu ni ya kuvunjwa.

Vipande vya siku ile vilijaribiwa viwili baada ya wiki moja, vikamomonyoka kama biskuti. Basi Msumari akaja nyumbani kwetu na mfuko mzima wa simenti, akachanganya zege zuri uani, akatengeneza vipande vingine sita. Mimi nikavitunza kwenye pipa nyuma ya jiko, nikivibadilishia maji kama mtu anayetunza mbegu. Na tarehe niliviandika mimi, kwa ncha ya kijiti, kabla havijakauka, kwa kuwa yeye mikono yake ilikuwa imejaa simenti.

"Mbona leo si tarehe hiyo?" nilimuuliza. Nilikuwa nimetoka kliniki ya presha, tarehe ya siku hiyo ilikuwa kwenye kadi yangu.

"Mama, zege lina kalenda yake," akanijibu.

Mimi nikacheka.

Hayo nimeshawaungamia. Ya leo ni mazito zaidi.

*

Ufa ulianzia kwenye boriti inayobeba ile sakafu ya juu, ukashuka ukutani mpaka karibu na ubao. Katikati yake pamegandishwa kipande cha kioo, upana wa vidole viwili, urefu wa kidole kimoja. Kioo chenyewe kilikuwa kimekatika.

"Kile kioo alikiweka mama," mjukuu wangu akaniambia. "Alikuja na ngazi."

"Cha nini?"

"Alisema ufani kuna mjusi. Kioo ni cha kumchungulia."

"Umemwona huyo mjusi?"

"Bado. Anaona aibu."

Nikamuuliza yeye anakaa wapi. Akanionyesha kiti cha mbele, cha kwanza kabisa, chini ya boriti. Mwalimu alisema wafupi wakae mbele.

Mwalimu wa darasa alikuwa anafuta ubao. Alinitazama, akatazama nilikokuwa natazama, akatabasamu.

"Usiwe na wasiwasi, bibi. Ni lipu tu hiyo imechanika. Mhandisi mwenyewe ametuhakikishia."

"Mhandisi gani?"

"Binti yako, bibi. Una binti wa kujivunia."

Nilimshukuru. Mnaniona? Nilimshukuru, nikamshika mtoto mkono, tukatoka. Kwenye ngazi ya nje niliinama, nikajifanya nafunga kiatu.

*

Binti yangu nilimkuta jikoni anapiga pasi sare ya mtoto. Ijumaa huwahi kurudi. Nikamwambia mjukuu akacheze uani, nikafunga mlango.

Njiani kote nilikuwa najiuliza nimwambieje. Nilijua yeye hajui. Nilijua Msumari amemzunguka, amempelekea vipande vya uongo, naye akatia saini kwa moyo mweupe. Niliona nitamvunja moyo mwanangu.

"Mwanangu, kile kioo ulichokiweka darasani kimekatika."

Hakuinua uso. Pasi iliendelea kwenda na kurudi.

"Najua, Mama. Hicho ni cha tatu."

"Cha tatu?"

"Ufa ukipanuka, kioo hukatika. Cha kwanza kilikatika baada ya wiki mbili. Cha pili baada ya siku tisa."

"Na hicho?"

"Nilikiweka Jumatatu."

Nilihesabu kimoyomoyo. Siku nne, mnaelewa. Hata mimi niliyeishia darasa la nne niliona hesabu hiyo inakoelekea.

Nikavuta kiti. Nikamwambia habari ya vipande. Habari ya pipa. Habari ya kijiti na tarehe. Nilisema yote bila kupumzika, kama mtu anayetapika.

Aliposikia mpaka mwisho alichomoa pasi, akaikalisha taratibu kwenye kitako chake.

"Mama, unadhani nani alimwambia avitengenezee hapa nyumbani?"

Akaanza kuikunja sare.

"Kule kazini watu wangeona. Hapa ulikuwepo wewe, na wewe huulizi maswali."

Jamani, nimezika mume na nimezika watoto wawili. Sijawahi kusikia ubaridi kama ule uliopanda mgongoni mwangu. Na haukutokana na alichosema. Ulitokana na sauti aliyokisemea, sauti ile ile anayotumia kuniuliza kama nimemeza vidonge.

"Mtoto wako anakaa chini ya boriti ile," nilisema.

"Najua anapokaa."

"Basi mhamishe."

"Nikimhamisha, mwalimu mkuu atajiuliza kwa nini mhandisi aliyepitisha jengo anamtoa mwanawe. Mwanangu kukaa pale ndiyo saini yangu ya pili, Mama. Wazazi wote wanamwona pale."

Na hapo ndipo sauti ilipomkatika. Akakaa chini sakafuni, sare ya mtoto mapajani, akaniangalia kama alivyokuwa akiniangalia akiwa na miaka sita amevunja kitu.

"Silali, Mama. Kila simu ikilia nadhani ni shule."

*

Jumamosi asubuhi Msumari alikuja. Alikuja na tikiti maji na kicheko chake, akaniinamia kunisalimu kama kawaida.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Nikalipokea tikiti, nikaliweka mezani.

Tukakaa watatu sebuleni. Binti yangu alikuwa amekwisha kumwambia. Niliona wanaangaliana namna ile ya watu waliokwisha kuzungumza.

"Mama, zimebaki wiki sita tu shule ifungwe," Msumari akaanza. "Siku wakitoka tu, mimi naingia na vijana wangu. Tunaweka nguzo za chuma chini ya boriti, tunapaka rangi, wakirudi wanaona darasa limependeza. Hakuna atakayejua, hakuna atakayeumia."

"Wekeni kesho."

"Nguzo katikati ya darasa? Hata mtoto wa chekechea atauliza."

"Na sakafu ile, yenyewe inajua kama zimebaki wiki sita?"

Akacheka kidogo. "Mama, majengo yote hupasuka. Ni kama visigino."

"Kisigino changu hakijawahi kumwangukia mtu."

Hapo kicheko kikazima. Akasogea, akanishika mikono yote miwili. Mikono yake migumu, ya mtu wa kazi. Msinielewe vibaya, mimi nilimpenda yule mtoto. Binti yangu alipolazwa miezi minne na mimba ya mjukuu wangu huyu huyu, hawezi hata kukaa, Msumari alikuwa anatoka kazini kwake, anakwenda kumchorea michoro yote ya ofisini kwake, anamletea kitandani atie saini. Hakuna aliyejua ofisini. Bila yeye binti yangu angefukuzwa. Hakuwahi kusema neno juu ya hilo. Miaka tisa.

"Mimi sijawahi kumwomba kitu," alisema sasa, akimwangalia binti yangu lakini akinishika mimi. "Niliomba hilo moja. Siku ile ya mvua nilikosea. Ningesimamisha kazi ningeonekana siwezi, wanaume wa kazi hii wangecheka mpaka leo. Nikakosea, nikamlilia rafiki yangu. Wewe ungemfukuza rafiki yako?"

"Ningemwambia avunje."

"Ndiyo maana hukuulizwa, Mama."

Binti yangu akasema, "Basi, acha."

"Siachi, maana Mama anataka kwenda kusema, namwona usoni." Akanigeukia. Hakupandisha sauti. "Nenda, Mama. Lakini ujue watakachouliza kwanza. Kwenye ripoti kuna picha za vile vipande. Picha sita. Tarehe ya uongo inasomeka vizuri, namba zimeandikwa kwa utulivu, kama daftari la shule. Si mwandiko wangu. Si mwandiko wa binti yako."

Niliitoa mikono yangu mikononi mwake.

"Unanitisha, mwanangu?"

"Nakuombea, Mama. Presha hiyo na umri huo, ukakae mahabusu kwa sababu ya tarehe? Na huyu je? Mimi nikifungwa sina mtoto. Huyu anaye."

Aliondoka. Tikiti maji lilibaki juu ya meza. Hakuna aliyelikata.

*

Jumapili nzima sikula. Nilikaa uani kwenye ngazi, nikimwangalia mjukuu wangu anaruka kamba. Alikuwa anahesabu kwa sauti, akikosea anaanza upya. Kila alipotua miguu yote miwili, kishindo kile kidogo kiliniingia tumboni.

Nikawaza kwenda kwa mwalimu mkuu. Nikajiona nimekaa mbele ya meza yake. Nikaona picha sita. Nikaona binti yangu anapandishwa gari la polisi, mtoto ameshika sketi yangu anauliza mama anapelekwa wapi. Nikaona chumba chenye watu wasio na sura, wananiuliza, bibi, ulijua au hukujua.

Nilijua? Siku ile nilicheka. Mtu huchekea kitu alichokielewa.

Alasiri nikaingia ndani. Binti yangu alikuwa mezani, michoro imetandazwa mbele yake, haangalii hata mmoja.

"Sitasema," nilimwambia.

Akafumba macho.

"Sitasema, ila mtoto atoke pale. Leo. Sema mimi ninaumwa. Sema nahamia kwa shangazi yake na siwezi kukaa bila mjukuu wangu. Bibi mgonjwa haleti maswali. Hakuna atakayekuuliza."

"Mama."

"Hiyo ndiyo bei ya kinywa changu. Chukua au nivae viatu."

Alinyanyuka, akanikumbatia. Alilia begani kwangu. Nilimpapasa mgongo nikimwambia nyamaza, yamekwisha, yamekwisha.

Nikiwa nimemkumbatia hivyo, ndipo nilipowakumbuka wale watoto arobaini na watatu waliobaki darasani. Niliwaona wamekaa kwenye mistari yao. Nikaendelea kumpapasa mgongo.

Haya ndiyo niliyoyaita mazito. Tarehe niliiandika kwa ujinga nusu na nusu kwa kutotaka kujua. Hili nililifanya nikiwa na akili zangu zote.

Shangazi mtu alikuja na gari saa kumi na moja, akamchukua mtoto na begi lake. Mtoto alifurahi, kwa shangazi kuna binamu zake. Binti yangu akampigia mwalimu mkuu, sauti yake laini, akamweleza habari za bibi na presha. Mwalimu mkuu akanitakia afueni.

Nililala. Nasema ukweli, nililala fofofo, mara ya kwanza tangu Ijumaa.

*

Jumatatu saa moja na dakika arobaini asubuhi mlango uligongwa.

Alikuwa fundi cherehani, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Ni mama mjane, ana mtoto mmoja wa kiume wa miaka tisa, na kwa mwaka mzima amekuwa akimtembeza kwenye shule za mbali kwa sababu hii ya karibu imejaa. Mara ngapi ameniambia, bibi, nisemee kwa binti yako, yeye anasikilizwa pale.

Alikuwa ameshikilia kitambaa cha kushonea kifuani, machozi yanamtoka, anacheka.

"Bibi, sijui nikushukuru vipi."

"Kuna nini tena?"

"Mwalimu mkuu alinipigia jana jioni. Nafasi imepatikana. Kasema mjukuu wako kahama, basi wangu aingie leo leo, kabla hawajampa mwingine. Nimekesha nashona sare. Njoo umsalimu bibi."

Mtoto akatokea nyuma yake. Shati jeupe, bado lina mstari wa chaki ya fundi begani. Soksi zimevutwa mpaka magotini. Mfupi, mfupi kuliko mjukuu wangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

"Nimesikia unaumwa," fundi akasema, "lakini nakuona umesimama, Mungu ni mwema. Bibi, naomba unisaidie. Wateja wameshafika dukani, wana arusi, hawana subira hata kidogo. Wewe ile njia ya shule ni kama ya chumbani kwako. Nipelekee leo tu. Kesho ataijua mwenyewe."

Nilishika fremu ya mlango.

"Wala usihangaike kumtafutia pa kukaa," akaongeza. "Mwalimu kasema atachukua kiti kile kile cha mjukuu wako. Mbele kabisa."

"Nitaona ubao vizuri," mtoto akasema.

Nyuma yangu nilisikia hatua za binti yangu. Zilikuja mpaka sebuleni, zikasimama. Alikuwa amesikia. Funguo za gari zililia mkononi mwake, kisha zikanyamaza.

Fundi alimsogeza mtoto mbele, akauchukua mkono wake, akauweka kwenye mkono wangu, kama mtu anayekukabidhi chenji.

Sijui nilikuwa nawaza nini. Nilikuwa natazama ule mstari wa chaki begani kwake.

"Bibi, mbona unamkaza hivyo? Utamuumiza."

Nikatazama chini. Vidole vya mtoto vilikuwa vimekuwa vyeupe ndani ya vyangu. Hakulalamika. Alikuwa ananiangalia tu, anasubiri twende.

Binti yangu akasema, nyuma yangu, kwa upole, sauti ile ya vidonge:

"Mama, mtoto atachelewa."

Kengele ya shule hulia saa mbili kamili. Ilikuwa imebaki robo saa, fundi ameshageuka kuelekea dukani kwake, amenipa mgongo hatua tano, sita. Nilikuwa na mkono wa mwanawe mkononi, na jina la yule mama lilikuwa limefika kwenye meno yangu, nimwite arudi.